Soma Ribiti Kabla Hujashika Msasa

Mpwa wangu,

Mama yako alinipigia simu Jumapili akaniambia umepangiwa kazi ya kutoa rangi. Akasema umenuna kidogo, maana wenzako wawili wamepelekwa kwenye injini na wewe umekabidhiwa msasa, ndoo na tepu. Nimefanya kazi ya mabati ya ndege zaidi ya miaka thelathini, kwanza uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi, baadaye hapa Dar es Salaam, na sijaona kazi inayomfundisha kijana ndege haraka kuliko hiyo. Aliye kwenye injini atafungua kile alichoambiwa afungue. Wewe utapita kwa vidole ribiti moja moja, na utaona bati tupu ambalo rubani hajaliona na mwenye ndege hajaliona. Likishafunikwa tena huenda likakaa miaka kumi bila jicho la mtu.

Umesema ndege yenyewe ni Caravan inayokwenda Unguja, Pemba na Mafia, na kwamba rangi imepasuka kuzunguka ribiti za tumboni na chini ya mabawa. Basi nitakuandikia habari za ribiti peke yake. Mambo ya mistari ya pembeni na herufi za usajili utafundishwa na wengine, na hayana haraka.

Kwanza ujue rangi iko pale kwa nini. Alumini safi haiogopi maji sana. Hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba ikatulia. Lakini alumini safi ni laini, huwezi kuijengea bawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani mmoja, Alfred Wilm, aligundua kwamba ukiichanganya na shaba kidogo, ukaipasha moto, ukaipoza ghafla na kuiacha siku kadhaa, inakomaa yenyewe na kuwa ngumu. Bati tunalotumia zaidi hadi leo, lile la namba 2024, lina shaba asilimia 4 na ushei. Shaba hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo ugonjwa wake pia. Shaba na alumini zikikutanishwa na maji ya chumvi, alumini huliwa. Ndiyo maana viwandani bati huvikwa ngozi ya alumini safi pande zote mbili. Bati lililovikwa hivyo tunaliita alikladi. Katika mabati membamba ngozi hiyo ni asilimia 5 tu ya unene kwa kila upande. Chukua bati la milimita 0.8: ngozi yake ni milimita 0.04, nyembamba kuliko unywele wako. Juu yake hupakwa dawa ya kuishikisha rangi, kisha praima, kisha rangi yenyewe. Kwa hiyo kati ya rangi unayoiondoa na kiini chenye shaba, kinga uliyonayo haifiki unene wa unywele mmoja.

Unakumbuka bibi yako alipokuwa akipika makande kwa magadi kwenye sufuria ya alumini, sufuria inavyogeuka nyeusi kwa ndani? Na mchuzi wenye chumvi ukilala humo usiku, asubuhi unakuta vidoadoa? Jamaa ni yuleyule. Bati la ndege yako hulala nje usiku kucha kando ya Bahari ya Hindi.

Sasa kwa nini rangi ianze kupasuka kwenye ribiti? Ribiti imeshona mabati mawili. Ndege ikiruka, bawa hupinda juu kidogo. Ikitua, hurudi chini. Mabati yanavutana, ribiti imeyashika, na rangi iliyotandazwa juu ya vyote haina pa kukimbilia. Hupasuka kwa duara, pale kichwa cha ribiti kinapokutana na bati. Tena kwenye ribiti yenye kichwa cha mviringo, rangi ilipopulizwa iliteleza ikashuka: utosini ni nyembamba, miguuni imejaa. Kokoto za viwanja vya changarawe zinarushwa na magurudumu na kukwangua utosi. Mvua na chumvi inayoletwa na kusi vinaingia kwenye ule ufa wa duara. Kuanzia hapo rangi haizuii maji tena, inayafuga.

Siku ya kwanza, basi, usikwangue, wala usioshe. Tazama tu. Wengi huanza na ndoo ya maji na sabuni, na maji ndiyo yanayofuta ushahidi. Chukua tochi, ilaze karibu na bati ili mwanga upite ubavuni mwake, si wa kupiga usoni. Mwanga wa kulala hukuonyesha kila kilichovimba na kila kilichobonyea. Kisha fuata mstari wa ribiti kama unavyofuata maandishi, bila kuruka hata moja.

Utakayoona ni ya aina chache. La kwanza ni mchirizi mweusi unaoanzia kwenye kichwa cha ribiti na kuelekea mkiani, kama masizi. Ukiugusa unatoka na kidole. Usiuchanganye na moshi wa injini, ambao huchafua eneo zima kwa kufuata njia ya ekzosi. Huu una mwanzo, na mwanzo wake ni ribiti moja. Ribiti hiyo imelegea, inasuguana na tundu lake. Alumini inasagika, unga wake unageuka mweusi, na upepo unaupeperusha nyuma. Mafundi tunasema ribiti inafuka moshi.

Nilijifunza maana ya moshi huo nikiwa na miaka ishirini na mbili. Ndege ilikuwa Cessna 206 ya zamani na mwenyewe alitaka kuiuza. Aliomba tuguse rangi mahali palipochakaa tu, ili mnunuzi asikimbie. Nilikuwa nimeshalowesha kitambaa, napeleka mkono kupangusa weusi nyuma ya ribiti nne karibu na pale nguzo ya bawa inaposhika kiwiliwili. Mzee aliyenilea kazini, mtu wa Machakos, akanishika kifundo cha mkono. Hakusema kitu. Aliweka kidole gumba kando ya ribiti ya kwanza, akabonyeza bati, akaachia, akabonyeza tena. Kwenye duara la rangi iliyopasuka palitokea unyevu mweusi. Ukaingia, ukatoka, ukaingia, kama kitu kinachopumua. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Tatu kati ya nne zilipumua. Alipozitoboa na kuzitoa, tundu mbili zilikuwa zimegeuka umbo la yai. Mwenye ndege alilalamika kwamba aliagiza rangi na si ribiti. Mzee akamjibu kwa upole kwamba mficha maradhi kifo humfichua, kisha akaenda kuandika kazi ile kitabuni. Ningepangusa na kupaka, ndege ingetoka hangani inang'aa, na nisingejua nilichofanya.

Fanya hivyo kwa kila ribiti unayoitilia shaka. Gumba kando yake, si juu yake, na jicho kwenye ufa.

La pili ni doa la mafuta. Caravan huweka mafuta ndani ya bawa lenyewe. Mabati yamezibwa kwa ndani kwa ulimbo maalumu, hakuna tangi la kuchomoa. Ribiti ya eneo hilo ikivuja, mafuta ya taa ya ndege huacha utelezi unaonasa vumbi. Kwenye ndege ndogo za petroli ya ndege doa ni la buluu, kwa sababu petroli ile imetiwa rangi hiyo. Ukikuta doa kwenye eneo la mafuta, weka vifaa chini umwite mkubwa wako. Usijaribu kuliziba kwa rangi, na usilisogelee kwa dawa ya kutoa rangi, maana dawa hiyo ikipenya ndani hula ule ulimbo, na ulimbo ndio unaoyazuia mafuta yasitoke.

La tatu ndilo utakalolikuta kwa wingi kwetu pwani: vijinjia vyembamba vilivyovimba chini ya rangi, vinaanza kwenye ukingo wa ribiti na kutambaa kwa kujipinda. Umeona njia za mchwa kwenye ukuta wa udongo? Ni vile vile. Ni kutu ya alumini inayokwenda chini ya rangi, na inapenda joto lenye unyevu. Ukivunja kijinjia kwa kijiti utakuta unga mweupe au wa kijivu. Unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko bati lililoliwa, ndiyo maana rangi inavimba. Mara nyingi chanzo chake ni mtu kama wewe na mimi: fundi aliyepaka bila kusuuza asidi ikaisha, au aliyepaka juu ya alama za vidole vyake.

Kila unapoona kitu, weka alama. Lakini sikiliza hili: usiandike kwa penseli kwenye bati. Risasi ya penseli ni kaboni, na kaboni ikikutana na alumini penye unyevu huila vibaya kuliko hata shaba. Mstari mmoja wa penseli chini ya rangi ni mfereji wa kutu. Tumia kalamu ya wino iliyoruhusiwa hangani kwenu, au bandika kipande cha tepu.

Utaniuliza kwa nini nahangaika hivi kwa ribiti za ndege ndogo. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilikuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu, kule Hawaii. Ilikuwa na miaka 19 na imesharuka mara 89,680, safari fupi fupi juu ya bahari, chumvi mchana na usiku. Ikiwa angani, paa la mbele likang'oka. Mhudumu mmoja alivutwa nje na hakuonekana tena. Wengine walinusurika kwa sababu marubani waliweza kuitua Maui. Wachunguzi walikuta kwamba gundi kwenye maungio ya mabati ilikuwa imeachia, kutu imeingia, na mzigo wote umehamia kwenye ribiti za vichwa bapa, ambazo tundu zake zilikuwa zimechongwa mpaka ukingo wa bati ukawa mkali kama wembe. Nyufa ndogo zikaanza ribiti hadi ribiti, mpaka zikashikana mikono. Abiria mmoja aliuona ufa akiwa anapanda ndege, akanyamaza. Caravan haina hewa ya kushindiliwa ndani kama 737, hilo ni kweli. Lakini safari fupi fupi juu ya bahari, hiyo ndiyo kazi yake.

Haya, umeshasoma, umeshaandika, mkubwa wako amekubali. Sasa ndipo ndege ioshwe.

Kwa madoa madogo kuzunguka ribiti, mimi napendelea mkono kuliko dawa. Dawa huteremka, hupita chini ya kichwa cha ribiti na kuingia kati ya mabati mawili, mahali ambapo maji ya kusuuzia hayafiki. Utapaka rangi nzuri, na baada ya miezi dawa itajipenyeza nje na kuisukuma rangi yako kutoka chini. Tumia kikwangulio cha plastiki kuinyanyua rangi iliyokwisha kuachia. Kwa ule mfereji wa duara miguuni mwa ribiti, hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda kijiti cha mwanzi kilichochongwa kama patasi ndogo: ni kigumu kuliko rangi na laini kuliko alumini, na kikichakaa unakichonga tena. Kisha kitambaa cha kusugulia cha nailoni, kile laini kabisa, na msasa wa oksidi ya alumini wa namba iliyotajwa kwenye kitabu cha matengenezo. Sugua kwa kuzunguka ribiti, si kwa kupita juu yake. Anayepita juu kwa juu hukata utosi wa ribiti kwanza, na miguuni rangi inabaki vilevile. Nimeona ribiti za mviringo zilizopigwa msasa mpaka zikawa bapa kama sarafu. Rangi yake ilipendeza sana, na ilibidi zitolewe zote.

Ukifika kwenye ile rangi ya alumini safi inayong'aa kwa ulaini, simama.

Vitu vya chuma usiviguse. Brashi ya waya, pamba ya chuma, kisu, bisibisi, vyote viwe mbali na mkono wako. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa tatu wa kazi, katika karakana ambayo siitaji, niliachiwa tumbo la ndege moja na muda haukutosha. Brashi ya waya ilikuwa benchi ya jirani. Nikasugua ribiti kama mia mbili kwa mchana mmoja, zikatoka safi, nikasifiwa. Ndege ile ilirudi baada ya masika ya tatu. Kuzunguka kila ribiti niliyoisugua palikuwa na duara la vidoa vya kahawia, na chini ya vidoa kuna vishimo. Vipande vya waya vidogo visivyoonekana kwa jicho vilikuwa vimezama kwenye bati na kushika kutu humo humo, na brashi ilikuwa imeshaondoa ile ngozi ya alumini safi. Ribiti nyingine, ambazo fundi mwenzangu alizishughulikia kwa nailoni, zilikuwa nzima. Mabati mawili yalikatwa yakatupwa. Nilisaidia kuyakata kwa mikono yangu, na kipande kimoja nimekihifadhi, ukija nitakuonyesha.

Na kisu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Marekani ziligunduliwa Boeing zenye mikwaruzo myembamba kando ya maungio ya mabati, karibu kabisa na mistari ya ribiti. Mafundi walikuwa wametumia vifaa vyenye makali kutoa ulimbo wa zamani kabla ya kupaka rangi upya. Mkwaruzo hauonekani ukishapakwa, lakini kwa ndege yenye hewa ya kushindiliwa, kila safari inauvuta, na mkwaruzo huzaa ufa. Ikabidi kutolewe maagizo ya ukaguzi kwa ndege nyingi. Kwa hiyo hata tepu usiikate ikiwa imeshabandikwa juu ya bati. Ikate mezani, kisha uibandike.

Ikiwa eneo ni kubwa na mkubwa wako ameamua dawa itumike, fanya kazi kivulini, kwa sababu dawa ikikauka juani inanata na kuwa taabu maradufu. Ziba kila ungio, kila tundu, vioo vyote, matairi na kila sehemu ya plastiki iliyoumbwa kwa nyuzi za kioo. Tone moja kwenye kioo cha dirisha linatosha kukipasua pasua kama barafu. Dawa zenye asidi zisiguse vyuma vya miguu ya ndege, maana vyuma vile vigumu hudhoofika kwa ndani vikapasuka ghafla bila kupinda. Kusuuza kuwe kwa maji mengi, na uulize maji yanatoka wapi. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi. Ukisuuzia maji hayo umeipaka ndege kile ulichokuwa unakikimbia.

Kuhusu tundu, naomba usome pole pole. Ndege ina vitundu vya stetiki vinavyopima shinikizo la hewa ya nje. Humo ndimo rubani anamopatia kimo na mwendo. Usiku wa tarehe 2 Oktoba 1996 Boeing 757 ya Aeroperú iliruka kutoka Lima baada ya kuoshwa. Tepu iliyobandikwa kuvikinga vitundu hivyo ilisahauliwa. Marubani wakawa gizani juu ya bahari, vipimo vyao vya kimo na mwendo vinasema uongo, na ndege ikaanguka majini na watu 70. Hakunusurika hata mmoja. Aliyebandika tepu ile alikuwa mfanyakazi wa matengenezo, kwenye kazi kama yako ya wiki ijayo. Tumia tepu ya rangi inayopiga kelele, nyekundu au ya chungwa, hesabu vipande unavyobandika, andika idadi, na wakati wa kubandua uhesabu tena. Mwombe mwenzako naye ahesabu. Na yale matundu madogo ya tumboni ya kutolea maji, yapitishie kijiti baada ya rangi kukauka. Ukiyaziba, maji ya chumvi yatakaa ndani yakizila ribiti kwa upande ambao hutauona.

Sasa mwili wako. Dawa nyingi za zamani zina dikloromethani, ambayo ukiivuta, mwili huigeuza kuwa gesi ileile ya jiko la mkaa inayoua watu vyumbani. Glovu za kawaida inazipita kwa dakika chache. Praima ya kijani au ya njano mara nyingi ina kromati, na kromati huleta saratani. Rangi za kisasa za kuchanganya na kigumu chake zina isosayaneti: mtu anaweza kuzivuta miezi akaona yu salama, kisha siku moja kifua kinazikataa, na tangu hapo harufu kidogo tu inamfunga pumzi maisha yake yote. Nina rafiki wa hivyo. Alikuwa mpulizaji rangi hodari kuliko sisi sote, na leo hawezi kupita mlango wa hanga. Kile kitambaa cha kufunika pua na mdomo si kinga. Wakikupa kitambaa, kataa kwa heshima na udai barakoa inayoleta hewa safi kutoka nje. Wakikuona una kiburi, waambie mjomba wako ndiye aliyekukataza.

Bati likishakuwa tupu usiliguse tena kwa mkono mtupu. Lioshe, kisha limwagie maji safi ulitazame. Maji yakitandaa kama kitambaa na kukaa hivyo nusu dakika bila kukatika, bati ni safi. Yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la mgomba, bado kuna mafuta, rudia. Hapo ndipo unapotia asidi ya fosforiki iliyozimuliwa, unasuuza, kisha dawa ya kromati inayoligeuza bati kuwa la dhahabu nyepesi. Usiiache ikaukie juu ya bati. Zunguka ribiti kwa mswaki laini ili ifike miguuni, subiri dakika zilizoandikwa kwenye chupa, suuza. Rangi ya dhahabu ikitoka na kidole kama unga, uliichelewesha, anza upya. Na vitambaa vyenye dawa hiyo visuuze kabisa kabla ya kuvitupa, maana vikikaukia kwenye pipa vinaweza kushika moto vyenyewe.

Praima iingie siku hiyo hiyo. Usiseme kesho, hasa hapa kwetu ambapo usiku mmoja wa unyevu unatosha kuanza kuharibu ulichofanya.

Kwenye kugusa rangi kwenyewe sina mengi, maana mkono utajifunza. Ukingo wa rangi ya zamani usugue uteremke polepole, mpaka ukipitisha kidole ukiwa umefumba macho usijue ilipoishia. Praima iwe nyembamba. Rangi iwe mikono miwili myembamba kuliko mmoja mnene. Kwa ribiti moja moja tumia brashi ndogo, anzia miguuni uzungushe, malizia utosini kwa kugusa mara moja. Usijaze kile kimfereji mpaka ribiti ipotee. Najua inapendeza ikipotea, na mwenye ndege atakusifu. Lakini fundi atakayekuja baada yako anahitaji kuona duara lile ili siku likipasuka alione, na gumba lake lipate mahali pa kuuliza.

Kuna sehemu tatu ambazo hutazigusa hata kwa tone moja bila idhini: eleroni, eleveta na usukani wa mkia. Hizo zimepimwa uzito kwa mizani na kusawazishwa. Rangi ni uzito. Sehemu hizo zikizidiwa nyuma ya bawaba zake, kwa mwendo fulani zinaweza kuanza kupigapiga zenyewe, na mpigo huo unaivunja ndege kabla rubani hajauelewa. Baada ya kuzipaka hupimwa upya, na idadi ya mikono ya rangi inayoruhusiwa imeandikwa kwenye kitabu chake.

Ukimaliza, andika. Usiandike tu kwamba rangi imeguswa tumboni. Andika ribiti zipi, mstari upi, ulikuta nini, ulitoa kwa nini, ulitia dawa gani, nani alikagua. Ikiwa ribiti saba zilikuwa na kutu ya juu juu ukaisafisha, ziandike saba, ili mwakani mtu ajue pa kuanzia tochi yake.

Lenzi yangu ya kukuzia nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na vijiti vitatu vya mwanzi, viwili nimeshavichonga, cha tatu uchonge mwenyewe. Mama yako atakuletea Ijumaa. Kioo kina mkwaruzo upande wa kushoto, kwa hiyo tazamia katikati.

Mjomba wako.